Kabla Hujamtumia Fundi Pesa: Kuchagua Mtu wa Kutengeneza Nyumba Mji wa Kale

Masika yakikaribia, kuna simu moja inayopigwa sana kutoka Mji wa Kale. Dada yuko Kibokoni, kakake yuko Muscat. "Kaka, ukuta wa nyuma unamomonyoka na dari inavuja. Tumpe fundi kabla mvua haijashika." Kaka hana neno, anatuma. Jioni ile ile pesa zimeingia kwa simu ya dada, na asubuhi fundi yuko mlangoni anataka nusu ya hesabu "ili kazi ianze."

Hapo ndipo tunapotaka kusimama nawe kidogo leo. Kutuma pesa ni sekunde chache. Kuzirudisha zikishaliwa ni hadithi nyingine kabisa. Na nyumba yenyewe mara nyingi si ya mtu mmoja: ni ya babu, warithi ni wengi, wengine hawaonani mwaka mzima. Fundi akiharibu, lawama haimwendei fundi peke yake. Inamwangukia yule aliyeshika simu.

Kwa hivyo somo letu la leo lina mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna ya kumchagua fundi, na namna ya kumlipa. Ukikosea la kwanza, la pili linaweza kukuokoa. Ukikosea yote mawili, hakuna wa kukuokoa, hata sisi.

Ijue nyumba kabla ya kumjua fundi

Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale hazikujengwa kama nyumba ya mabloki ya Bamburi au Nyali. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kuliko kuta za siku hizi. Dari imelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vingi vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Ukuta wa aina hii unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini, mvua inaingia, halafu jua na upepo vinautoa nje kupitia chokaa. Sasa aje fundi asiyeujua, aukande wote kwa simiti. Siku ya kwanza unapendeza, umenyooka kama karatasi. Lakini simiti ngumu haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanakwama nyuma yake, chumvi inajikusanya, na baada ya misimu kadhaa plasta inavimba, inapasuka, inaanguka pamoja na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyoingia ndani ya ukuta navyo vinakaa kwenye maji na kuoza mahali ambapo macho hayafiki.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini Mji wa Kale kuna nyongeza: ukiuziba kwa kitu kisichofaa, ukuta utaujenga vilevile.

Basi kabla ya kumwita mtu, tembea nyumba nzima na simu yako. Piga picha kila ufa, kila doa la maji, kila boriti iliyolegea. Panda juu uangalie mabati na mifereji ya maji, kwa sababu ukuta unaolia chini mara nyingi chanzo chake kiko juu. Andika orodha ya matatizo, yakiwa matatu au kumi. Orodha hiyo ndiyo utakayompa kila fundi atakayekuja, ili wote wapige hesabu ya kazi moja.

Uliza kibali, usije ukasimamishwa katikati

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi lililotangazwa rasmi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na turathi zake zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006. Maana yake kwako ni hii: usibomoe roshani ya mbao, usibadilishe mlango wa nakshi, usiongeze orofa wala kugeuza sura ya mbele ya nyumba kabla hujazungumza na watu wa Makavazi ya Kitaifa. Wana ofisi ya uhifadhi inayoshughulikia Mji wa Kale. Ukifika Fort Jesus ukauliza, utaelekezwa. Kwa ujenzi wenyewe, idhini hutoka serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Wengi wanaogopa ofisi hizi wakidhani zipo kukataza tu. Kumbe ndiko wanakopatikana watu wanaojua ni waashi gani bado wanaweza kazi ya chokaa na ni maseremala gani wanaoweza kurekebisha roshani bila kuing'oa. Kuuliza hakulipishwi.

Jambo jingine: kama nyumba au kiwanja ni cha wakfu, au mirathi haijagawanywa, pata ridhaa ya wanaohusika kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Ujumbe wa simu kutoka kwa kila ndugu unaosema "nimekubali" unatosha kuanzia. Utaona faida yake mbele.

Fundi anayekwambia "hivyo vibali achana navyo, tutafanya usiku" amekupa habari njema: umemjua mapema.

Mpime fundi kwa kazi yake, si kwa maneno yake

Fundi mzuri hupatikana kwa majirani. Zunguka Ndia Kuu, Kibokoni, Mkanyageni na Kuze, tafuta nyumba iliyotengenezwa na ikasimama vizuri, kisha bisha hodi. Usiulize "fundi wako mzuri?" Kila mtu atasema mzuri. Uliza hivi:

- Kazi iliisha lini, na masika mangapi yamepita tangu hapo? Plasta isiyowahi kunyeshewa bado haijafanya mtihani.
- Hesabu aliyoitoa mwanzo na uliyolipa mwisho zilipishana kiasi gani, na kwa nini?
- Ulipomwita arudi kurekebisha kitu, alikuja?

Halafu mlete fundi mwenyewe nyumbani. Mkaribishe barazani, mpe chai, kisha umwachie aongee. Fundi anayejua nyumba hizi atagonga ukuta kwa kiganja asikilize palipo na uwazi. Atataka kupanda darini. Atakuuliza maji yanatoka wapi. Yule anayesimama mlangoni, anatazama juu mara moja na kusema "laki tatu, Mama, tunamaliza wiki mbili," mshukuru kwa kuja na umsindikize.

Swali moja la kumpima ni hili: "Hapa utatia nini, simiti au chokaa?" Jibu lenyewe si muhimu sana kuliko sababu atakayokupa. Muulize pia mchanga wake unatoka wapi. Mchanga wa pwani una chumvi, na ukiingia kwenye plasta umejiletea ugonjwa ule ule uliokuwa ukiutibu. Kama kuna boriti za kubadilisha, muulize atazinunua wapi na kama zina kibali, maana mikoko haikatwi ovyo. Ni msitu unaolindwa.

Kama kazi ni kubwa na unatafuta kampuni, angalia usajili wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wakandarasi wamepangwa kwa ngazi kuanzia NCA 1, wanaoruhusiwa kazi kubwa kabisa, hadi NCA 8. Omba namba ya usajili na uihakikishe kwa NCA wenyewe, usiridhike na karatasi iliyotolewa kopi. Kwa upande wa stima, fundi anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Hapa usione haya kuuliza. Nyumba zimebanana, ukuta ni wa watu wawili, na waya uliofungwa vibaya kwako unaweza kuunguza kwa jirani.

Hesabu iandikwe, na iandikwe kwa vipande

Chukua makadirio ya mafundi watatu kwa ile ile orodha yako. Kila moja liandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na ligawanywe sehemu tatu: vifaa, leba, na usafiri pamoja na kuondoa vifusi.

Hiyo ya tatu watu huisahau, halafu inawatesa. Lori haliingii vichochoro vya Mji wa Kale. Mchanga unashushwa mbali na kuletwa kwa mkokoteni, mifuko inabebwa na hamali, na vifusi vinatoka kwa njia ile ile. Kama hazimo kwenye hesabu, utazisikia katikati ya kazi: "Mama, ile ya mkokoteni hatukuhesabu."

Bei ikiwa chini sana kuliko nyingine mbili, usishangilie kwanza. Linganisha kipande kwa kipande. Mara nyingi utakuta aliyeshusha bei ameacha kitu: hakuhesabu kubandua plasta ya zamani, au atapaka juu ya unyevu bila kuuacha ukuta ukauke. Chokaa inataka muda. Fundi mwaminifu atakwambia tuanze mapema, mvua kubwa za Aprili na Mei zisitukute paa likiwa wazi.

Leba na vifaa visipite mfuko mmoja

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukue mfano, hesabu iwe shilingi 380,000:

- Vifaa: 220,000
- Leba: 140,000
- Mikokoteni na vifusi: 20,000

Fundi anaomba asilimia 60 kwanza. Hiyo ni shilingi 228,000, na inapita kwa muamala mmoja, maana kiwango cha juu kilichoidhinishwa mwaka 2023 ni shilingi 250,000. Kwa hivyo usitegemee mipaka ya simu ikulinde. Ukituma na fundi akazima simu, 228,000 zimekwenda.

Tufanye hivi badala yake.

*Vifaa, lipa dukani mwenyewe.* Fundi aandike orodha, wewe ulipe kwa namba ya tili ya hadiwea, mzigo uje nyumbani, uhesabu mifuko. Kama yuko Muscat ndiye mwenye pesa, dada alipe na kumtumia picha ya risiti. Nunua kwa awamu: vifaa vya paa wakati wa paa, chokaa wakati wa chokaa. Mzigo uliorundikwa miezi miwili kichochoroni una miguu.

*Leba, lipa kwa hatua iliyokwisha.* Zile 140,000 zigawanywe hivi:

- 14,000 siku ya kuanza, mafundi wakishafika na vyombo.
- 42,000 paa na mifereji ikishatengenezwa na boriti mbovu kubadilishwa.
- 42,000 plasta ya zamani ikishabanduliwa, ukuta umekauka, nyufa zimetomewa.
- 28,000 plasta mpya na umaliziaji vikishakamilika na vifusi vimeondolewa.
- 14,000 za mwisho zinabaki kwako mpaka mvua nzito ya kwanza ipite na ukuta uwe mkavu.

Jumla ni 140,000 zile zile. Fundi hajapunjwa. Lakini angalia tofauti: akitoweka siku ya pili, ulichopoteza ni 14,000, si 228,000. Na zile 14,000 za mwisho ndizo zitakazomfanya apokee simu yako mvua ikinyesha.

Fundi akisema, "Mama, vijana wangu wanakula kila siku, siwezi kungoja hatua iishe," ana haki. Wafanyakazi wa kutwa hulipwa kwa siku au kwa wiki. Basi kata hatua ziwe ndogo, mlipane kila Ijumaa au Jumamosi kwa kazi inayoonekana. Kanuni haibadiliki: pesa zifuate kazi, zisiitangulie. Na wewe nawe ukishaona hatua imeisha, lipa siku hiyo hiyo. Fundi anayezungushwa malipo huanza kazi nyingine mahali pengine, na hapo hutampata tena.

Zaidi ya 380,000, tenga 38,000 pembeni, yaani asilimia 10, kwa yasiyoonekana. Ukuta wa miaka mingi ukifunguliwa, hukosi kukuta jambo. Pesa hizi usimtajie fundi. Zikibaki, zitapaka rangi.

Jina, namba, na neno moja la maelezo

Yafuatayo ni madogo, lakini ndiyo tunayoyaona yakiwaumiza watu.

Andika kwenye makubaliano namba moja ya malipo, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na kitambulisho cha fundi. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina. Likiwa geni, simama.

Ukipata ujumbe, "Mama, laini yangu ina shida, tuma kwa hii ya kijana wangu," usitume. Mpigie fundi kwa ile namba ya zamani, usikie sauti yake. Akiwa ni yeye kweli, mwambie mtabadilisha namba mkionana ana kwa ana. Walaghai wanajua nyumba gani inatengenezwa. Kichochoro chote kinajua.

Usimpe fundi simu yako "akusaidie kutuma," na namba yako ya siri usimwambie yeye, dukani, wala mtu anayejidai kupiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Usilipe taslimu kwa sababu tu yuko mbele yako. Ukilazimika, baada ya kumpa mtumie ujumbe: "Fundi, nimekupa leo 5,000 ya vifusi," naye ajibu. Na ujumbe wa kila malipo usifute. Fungua daftari, upande mmoja hatua ya kazi, upande wa pili namba ya muamala. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wao hawakuwa na simu.

Daftari hilo halimlindi mwenye nyumba na fundi tu. Linamlinda dada. Siku kaka wa tatu atakapokuja likizo na kuuliza, "Zile pesa zote zilikwenda wapi?" dada hatalia wala kuapa. Atafungua ukurasa. Tumesikia ndugu waliokosana juu ya nyumba iliyotengenezwa vizuri kabisa, kwa sababu tu hakukuwa na hesabu ya kuonyesha.

Mambo yakiharibika

Tuwe wakweli hapa. Ukikosea namba, tupigie mara moja. Kama aliyepokea hajazitoa, kuna nafasi ya kuzizuia. Lakini ukimtumia fundi wako pesa kwa hiari yako, kwa namba uliyoikusudia, halafu kazi ikawa mbovu, hilo si kosa la muamala. Hatuwezi kuingia kwenye simu yake na kuzirudisha. Ndiyo maana tumeandika yote haya ya kabla.

Ukikwama, anza kwa kumwita fundi mbele ya mtu mnayemheshimu nyote wawili: mzee wa mtaa, imamu, au jirani aliyekuletea fundi huyo. Migogoro mingi huishia hapo. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utakachobeba ni makubaliano, picha za kabla na baada, na taarifa ya miamala yako ambayo unaweza kuiomba kwetu. Asiye na maandishi ataenda na maneno, na fundi naye ana maneno yake.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Jiulize haya:

1. Nimeona kazi yake iliyopitiwa na mvua?
2. Anajua chokaa, au anajua simiti tu?
3. Kibali na ridhaa ya ndugu ninayo?
4. Hesabu imeandikwa kwa vipande, mkokoteni na vifusi vikiwemo?
5. Malipo haya ni ya hatua iliyokwisha, na nimeiona kwa macho?
6. Jina lililotokea kwenye simu ni lake?

Likikosekana jibu moja, weka simu chini kwanza. Mwambie fundi, "Baba, nipe mpaka kesho." Fundi wa kweli atakungoja. Ukuta uliosimama tangu enzi za babu utasubiri usiku mmoja zaidi.

Na kama una ndugu nje anayetuma pesa za nyumba, mtumie somo hili leo, kabla hajatuma.